Jenerali Eisenhower: Aila Changa Ndani ya Kambi za Mafunzo

Jina la Jenerali Dwight Eisenhower halihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa ukurasa huu. Ndiye aliyeyaongoza majeshi ya nchi zilizoungana yakavuka bahari na kutua katika pwani ya Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni, 1944. Na ndiye aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1953 hata mwaka 1961. Vitabu vilivyoandikwa juu ya vita vyake na utawala wake ni vingi mno. Sisi leo hatukukusudia kuongeza neno juu ya hayo. Tumekusudia kuwasimulia wasomaji wetu miaka michache ya ujana wake, alipokuwa ofisa mdogo asiyejulikana, mwenye mke kijana na mtoto mmoja, na kazi yake ikiwa ni kuwafunza askari wapya katika kambi moja baada ya nyingine.

Tumeichagua habari hii kwa sababu moja. Askari anapokwenda kambini, ama kufunzwa ama kufunza, watu humtazama yeye peke yake. Huyatazama mabuti yake, bunduki yake na mwendo wake katika gwaride. Ni wachache waulizao mkewe amelala wapi usiku ule, au mtoto wake anamjua baba kwa sura au kwa kusimuliwa tu. Maisha ya Eisenhower yanatujibu swali hilo, tena kwa uchungu.

KIJANA WA KANSAS

Eisenhower alizaliwa tarehe 14 Oktoba, 1890, katika mji wa Denison, jimbo la Texas, akakulia Abilene, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Wazazi wake walijaliwa watoto saba, wote wanaume, na mmoja wao alifariki angali mchanga. Baba alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha siagi, na mshahara wake haukuwa mkubwa. Mama yake, Bibi Ida, alikuwa mcha Mungu aliyevichukia vita kwa moyo wake wote. Ni ajabu basi kwamba mwanawe huyo aliingia katika Chuo cha Kijeshi cha West Point mwaka 1911. Hakuvutwa na mizinga. Alivutwa na elimu ya bure, ambayo mtoto wa nyumba ile asingeweza kuinunua. Alihitimu mwaka 1915, akiwa wa 61 miongoni mwa wanafunzi 164, akapelekwa katika kambi ya Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas, akiwa na cheo cha luteni-usu.

Huko ndiko alikokutana, mwezi Oktoba mwaka ule ule, na binti mmoja jina lake Mamie Doud. Binti huyu alitoka katika nyumba ya neema. Baba yake alikuwa amechuma mali katika biashara ya nyama. Aila ilikaa Denver, Colorado, na wakati wa baridi huhamia San Antonio kulifuata joto. Nyumbani kwao kulikuwa na watumishi, na Mamie hakuwahi kuambiwa ashike sufuria wala ufagio.

Mzee Doud hakumficha binti yake neno. Alimweleza kwamba mke wa ofisa huishi kwa mshahara mdogo, tena huishi akihamahama, leo huku kesho kule, wala hana nyumba aitayo yake. Naye kijana Eisenhower alipotaka kujiunga na kikosi cha ndege, mzee alimwambia wazi kwamba hatampa binti yake mtu arukaye angani. Ndege za siku zile zilikuwa za mbao na kitambaa, na waliozirusha walikufa kwa wingi. Eisenhower akafikiri, kisha akaliacha shauri la ndege. Twaweza kusema kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jeshi na nyumba kuvutana ndani ya maisha yake, na nyumba ikashinda. Haikushinda mara nyingi baada ya hapo.

Arusi ilifanyika Denver tarehe 1 Julai, 1916. Bwana arusi alikuwa na umri wa miaka 25, bibi arusi 19. Siku ile ile alipandishwa cheo kuwa luteni kamili.

VYUMBA VIWILI

Maarusi hao walirudi Fort Sam Houston, wakakaa katika vyumba viwili vya maofisa. Hapo Bibi Mamie aliyaonja yale aliyoambiwa na baba yake. Hakujua kupika kitu cha kumshibisha mtu, zaidi ya vitamutamu vichache. Aliyejua kupika alikuwa mumewe, kwa maana Bibi Ida aliwafunza wanawe wote kazi za jikoni. Basi luteni huyo alitoka katika kwata, akavua koti lake, akashika sufuria. Kwa desturi za watu wetu huenda baadhi ya wasomaji wakacheka. Lakini twaona hapakuwa na aibu yoyote hapo. Bibi naye alikuwa na kipaji chake. Alikuwa mkarimu na mcheshi, akakodi piano, na vyumba vile viwili vikawa baraza la maofisa vijana wa kambi, waliokuja jioni kuimba na kula walichokikuta.

Hata hivyo haukupita muda mrefu kabla mume hajaitwa kwenda kulala nje kwa kazi. Bibi akanung'unika, kama bibi arusi yeyote angalivyonung'unika. Mumewe akamweleza, bila kuzungusha maneno, kwamba katika maisha yake utumishi wa nchi ni wa kwanza, na yeye mkewe ni wa pili. Neno hili ni gumu kuambiwa mke wa siku chache. Bibi Mamie alilisikia, akalikubali, na kwa muda wa miaka 52 ya ndoa yao alilipa gharama yake.

Tarehe 6 Aprili, 1917, Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Ujerumani. Jeshi lililokuwa dogo likatakiwa kuwa kubwa kwa miezi michache, na kila ofisa aliyehitimu West Point akawa ni mwalimu, apende asipende. Eisenhower alipelekwa katika rejimenti mpya ya 57, iliyokuwa ikiundwa katika uwanja wa Leon Springs, kiasi cha kilomita 30 kutoka San Antonio. Kazi yake ilikuwa ya ugavi: kuwatafutia maelfu ya watu hema, viatu, chakula na bunduki mahali ambapo hapakuwa na chochote. Mkewe alibaki mjini, naye alikwisha kuwa mja mzito.

Kutoka siku zile wenyewe walihifadhi kisa kimoja. Bibi Mamie, kwa hamu ya kumwona mumewe, alipanda motokaa yao peke yake akaiendesha mpaka Leon Springs, hali hakuwahi kufunzwa kuendesha. Alikuwa amemwomba mumewe asimame njiani kumngojea, kwa sababu alijua namna ya kuiondoa motokaa ile lakini hakujua namna ya kuisimamisha. Luteni wetu akalazimika kuirukia ikiwa inakwenda. Wenyewe walikicheka kisa hicho hata uzeeni. Sisi twakisimulia kwa kuwa chaonyesha jinsi mke huyo, aliyelelewa kwa kutumikiwa, alivyokuwa akianza kujitegemea.

MTOTO AZALIWA, BABA YUPO MAHANDAKINI

Mwezi Septemba 1917 amri ikaja kwamba Eisenhower aende Fort Oglethorpe, katika jimbo la Georgia, kuwafunza vijana waliokusudiwa kuwa maofisa. Akaenda. Siku chache baadaye, tarehe 24 Septemba, Bibi Mamie alijifungua mtoto wa kiume kule San Antonio. Baba alikuwa mbali, katika mahandaki ya mazoezi yaliyochimbwa kwa mfano wa yale ya Ufaransa, akiishi ndani ya matope pamoja na wanafunzi wake. Mtoto akaitwa Doud Dwight, yaani akapewa majina ya pande mbili, ukoo wa mama na jina la baba. Lakini watu wote walimwita Icky.

Mwezi Desemba baba akahamishiwa Fort Leavenworth, Kansas, kuwafunza maluteni wapya. Miongoni mwa wanafunzi wake huko alikuwamo kijana F. Scott Fitzgerald, ambaye baadaye alipata kuwa mwandishi mashuhuri. Mara kwa mara Eisenhower aliomba apelekwe Ufaransa, na mara kwa mara alikataliwa, hata akakaripiwa kwa kuomba mno. Wakubwa wake walikwisha kutambua kwamba kijana huyu ana kipaji cha kufundisha, na mwenye kipaji hicho haachiliwi kwenda mbele. Hapana shaka jambo hilo lilimwuma. Wenzake waliosoma naye walikuwa wakipata medali, naye alikuwa akihesabu blanketi.

GETTYSBURG

Mwezi Machi 1918 Eisenhower alipewa kazi kubwa zaidi. Aliagizwa kuifungua kambi iitwayo Camp Colt, huko Gettysburg, Pennsylvania, kwa ajili ya kuwafunza askari wa vifaru, silaha iliyokuwa mpya kabisa ulimwenguni. Kambi hiyo ilipigwa juu ya uwanja ule ule ambapo mwezi Julai 1863 Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe katika vita vya kutoa au kutotoa watumwa. Hema zilisimama penye makaburi ya babu zao.

Bibi Mamie alifunga mizigo, akamchukua mtoto ambaye hajatimiza mwaka, akasafiri kwa gari la moshi zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Texas, akamfuata mumewe. Ndipo kwa mara ya kwanza wakawa watu watatu chini ya paa moja. Lakini paa lenyewe halikutulia. Katika miezi michache walihama nyumba mara tatu. Katika nyumba moja Bibi alilazimika kujifunza kuliwasha jiko la makaa na kulilinda lisizimike, kwani mumewe aliondoka alfajiri na kurudi usiku. Nyumba nyingine ilikuwa kubwa, ya wanafunzi wa chuo, lakini haikuwa na jiko la kupikia la maana.

Kambini nako hali ilikuwa hivyo hivyo. Theluji ilipoanguka mwezi Aprili, askari walikuwa katika hema bila moto. Eisenhower akauzunguka mji mzima akinunua kila jiko alilolikuta madukani. Vifaru vya kufundishia havikuwapo. Basi aliwafunga bunduki za rashasha juu ya malori, akawafundisha watu kulenga shabaha hali lori linakwenda, risasi zikiishia katika kilima. Vifaru vya kwanza, vidogo vya Kifaransa, vilifika baadaye sana, tena vichache mno. Kufikia majira ya joto alikuwa akiongoza zaidi ya watu 10,000, umri wake haujatimu miaka 28.

Mwezi Septemba 1918 adui mwingine akaingia kambini, asiye na bendera. Ilikuwa ni ile homa kali ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani kote, na ambayo wazee wetu huku Afrika ya Mashariki nao walipata kuisimulia kwa hofu. Katika muda wa wiki chache zaidi ya askari 150 walikufa Camp Colt, na maiti zililazwa ndani ya hema kwa kukosa mahali. Eisenhower aliamuru wagonjwa watengwe, hema zitawanywe, matandiko yaanikwe juani kila siku. Daktari mkuu wa kambi alijaribu dawa zake za kunyunyiza puani na kooni, na kila asubuhi mkuu wa kambi, mkewe na mtoto wao walinyunyizwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hilo: mtoto Icky alipita katikati ya tauni iliyoua watu wazima wenye nguvu kando ya nyumba yao, akatoka salama.

Tarehe 14 Oktoba, siku aliyotimiza miaka 28, Eisenhower alipandishwa cheo cha muda kuwa luteni kanali, na mwishowe akapewa amri ya kwenda Ufaransa, safari iwe tarehe 18 Novemba. Siku hizo hizo Bibi Mamie alipata habari kwamba mdogo wake, msichana wa makamo ya kuwa shuleni, amefariki Denver. Akaondoka na mtoto kwenda maziko, wakaagana na mumewe kwa kudhani anakwenda vitani. Lakini tarehe 11 Novemba vita vikaisha. Eisenhower alibaki na askari wake waliofunzwa kwa vita ambavyo hawatavipigana.

MASANDUKU YA MACHUNGWA

Wengi hudhani kwamba vita vikiisha, aila ya askari hupumzika. Haikuwa hivyo. Camp Colt ilivunjwa, na mwaka 1919 Eisenhower akawekwa katika kambi ya Camp Meade, jimbo la Maryland. Huko hapakuwa na nyumba za maofisa wadogo wenye wake. Mwezi Julai aliondoka na msafara wa malori ya jeshi uliokwenda kutoka Washington mpaka San Francisco, safari ya siku 62 katika njia mbovu za vumbi na matope. Wasomaji huenda wanajua kwamba safari ile ndiyo mojawapo ya mambo yaliyomfanya, alipokuwa Rais, atie sahihi mwaka 1956 sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima. Mkewe alikuwa kwa wazazi wake wakati huo. Alijaribu baadaye kupanga chumba karibu na kambi, akashindwa, akarudi Denver. Hivyo wakahesabu karibu mwaka na nusu wa ndoa ya barua.

Mwaka 1920 ruhusa ikatoka kwamba maofisa waweza kuyageuza mabweni ya zamani ya askari kuwa nyumba, mradi wajigharimie wenyewe. Eisenhower na jirani yake, George Patton, ambaye naye alikuja kuwa jenerali mwenye sifa, walifanya kazi kama mafundi seremala. Walipasua mbao, wakapiga rangi, wakasugua sakafu. Bibi Mamie alijitengenezea meza ya kujipambia kwa masanduku ya machungwa, akayafunika kwa kitambaa. Mishahara ilikwisha kupunguzwa kwa kuwa vyeo vya vita viliondolewa. Yule luteni kanali aliteremshwa kuwa kapteni, kisha baada ya siku chache akawa meja. Lakini nyumba ilikuwa yao, na mtoto alikuwa nao.

Icky alikuwa amekaribia miaka mitatu. Alikuwa mtoto wa kambi nzima. Askari wa vifaru walimshonea sare ndogo, pamoja na koti na kofia, wakampandisha juu ya vifaru vyao. Naye alisimama pamoja na baba yake kuitazama bendera ikiteremshwa jioni. Wote walioandika juu ya miezi hiyo wanakubaliana kwamba Eisenhower hakupata kuonekana mwenye furaha kama hiyo. Baada ya miaka minne ya kuagana na kungojana, aila ilikuwa imetulia.

DIRISHA LA HOSPITALI

Kwa kuwa mambo yalikuwa yametengenea kidogo, Meja na mkewe waliona kwamba sasa wanaweza kumlipa msichana wa kumsaidia Bibi kazi za nyumbani. Wakamwajiri binti mmoja wa jirani na kambi, mpole na mwenye bidii. Wasilolijua ni kwamba binti huyo alikuwa ametoka kuugua homa nyekundu, ule ugonjwa ushikao koo na kuutia mwili vipele. Yeye mwenyewe alikuwa amepona, lakini ugonjwa alikuwa nao bado mwilini.

Siku za Krismasi ya mwaka 1920 mti ulikuwa umepambwa sebuleni, na chini yake baiskeli ndogo nyekundu ya magurudumu matatu ikimngoja mtoto. Icky akashikwa na homa. Akapelekwa hospitali ya kambi, akatengwa. Daktari bingwa aliitwa kutoka Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, naye hakuwa na dawa ila kungoja na kuomba Mungu. Penisilini, ambayo huutibu ugonjwa huo upesi, iligunduliwa mwaka 1928, na haikuwafikia wagonjwa wengi ila katika miaka ya 1940.

Bibi Mamie mwenyewe alikuwa mgonjwa, akazuiliwa kutoka. Baba hakuruhusiwa kuingia chumbani kwa mwanawe. Aliruhusiwa kukaa barazani tu, akichungulia dirishani na kumpungia mkono. Mtu huyu, ambaye katika Camp Colt alikuwa ameamuru kutengwa kwa mamia ya wagonjwa kwa faida ya wengine, sasa alikaa upande wa pili wa amri ya namna hiyo hiyo, akaitii. Tarehe 2 Januari, 1921, Icky alifariki. Alikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi mitatu.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wala sisi hatujaribu kuueleza. Tunasema tu yaliyojulikana. Wazazi walimpeleka mtoto Denver kwa gari la moshi, wakamzika huko. Kila mmoja alijilaumu kimoyomoyo kwa ajili ya kumwajiri yule msichana, ingawa hapana aliyekosea, na msichana mwenyewe hakujua. Kwa muda nyumba ilikuwa baridi. Mume alizama katika kazi, mke akanyamaza. Katika kitabu cha kumbukumbu zake alichokitoa mwaka 1967, yule aliyekwisha kuona vita viwili vya dunia na kuketi katika kiti cha Urais aliandika kwamba msiba huo ndio mkubwa kuliko yote yaliyompata, na kwamba hakuweza kamwe kuusahau.

KARIPIO

Kana kwamba hayo hayatoshi, mwaka huo huo Meja aliandamwa na kesi. Mwaka 1920 alikuwa amedai posho ya nyumba kwa ajili ya mtoto wake, jumla dola 250.67, katika miezi ambayo mtoto alikuwa kwa jamaa na hakuwa akiishi naye kambini. Kanuni hazikuruhusu hivyo. Alipotambua kosa aliliungama mwenyewe, akaeleza kwamba hakuijua kanuni, akazirudisha fedha. Lakini mkaguzi mkuu wa jeshi alipendekeza ashitakiwe katika mahakama ya kijeshi. Fikirini jambo hili: mzazi anaulizwa maswali mwaka mzima, kwa maandishi na kwa mdomo, juu ya posho ya mtoto aliyekwisha kumzika. Angeweza kufukuzwa, na historia ya karne ile ingekuwa nyingine. Mwezi Desemba 1921 shauri lilimalizwa kwa karipio rasmi lililotiwa katika faili lake.

Hatulitaji jambo hili kwa nia ya kumwaibisha. Twalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi aila ya askari mdogo inavyoishi kwa kuhesabu senti. Mtu mwaminifu naye, akisongwa na kodi, nauli na karo ya maisha ya kuhamahama, huweza kusaini karatasi bila kuisoma vizuri. Kanuni ni kanuni, na kosa ni kosa. Lakini aliyekubali kosa lake mapema ndiye aliyeokoka.

Aliyemwinua alikuwa Jenerali Fox Conner, ambaye alimwomba aende kuwa msaidizi wake katika Ukanda wa Mfereji wa Panama. Mwezi Januari 1922 Meja na mkewe walihamia huko, katika nyumba ya mbao iliyovuja, yenye popo darini. Miguu ya vitanda ikawekwa katika makopo ya mafuta ya taa kuzuia wadudu. Bibi Mamie, akiwa mja mzito tena, alirudi Denver, na tarehe 3 Agosti, 1922, akajifungua mtoto wa kiume, John. Kisha akarudi Panama na mtoto wake. Hakulazimishwa. Ilikuwapo nyumba ya baba yake yenye watumishi na vyakula, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki. Lakini alichagua kurudi, na huo ndio ushujaa wake, ambao haukupewa medali. Mumewe alikaa akisoma vitabu vya vita chini ya uongozi wa Conner, na mwaka 1926, katika chuo cha maofisa cha Leavenworth, akawa wa kwanza miongoni mwa wote. Yaliyofuata ulimwengu wote wayajua.

MWISHO WA SAFARI

Tarehe 6 Juni, 1944, siku ya Normandy, John alihitimu West Point. Mama alikuwapo, baba hakuwapo, kama vile ambavyo hakuwapo alipozaliwa Icky. Mwaka 1950 wazee hao walinunua shamba, nyumba ya kwanza waliyopata kuimiliki baada ya zaidi ya miaka 30 ya kuhama. Walilinunua wapi? Gettysburg, karibu na pale hema za Camp Colt ziliposimama. Huko ndiko walikostaafu mwaka 1961.

Na kila mwaka, tarehe 24 Septemba, popote walipokuwa, Eisenhower alimpelekea mkewe maua kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Icky. Hakuacha mpaka uzeeni. Mwaka 1966 walimhamisha mtoto kutoka Denver, wakamlaza Abilene, mahali walipokwisha kujitengea makaburi yao. Jenerali alifariki tarehe 28 Machi, 1969, akazikwa hapo. Bibi Mamie alimfuata tarehe 1 Novemba, 1979. Leo wamelala pamoja, wote watatu, na hakuna amri ya kuwahamisha.

Sisi twaona kwamba katika maisha hayo mna fundisho kwa kila nchi yenye jeshi. Askari hafunzwi na sajini peke yake. Mkewe anayehama na watoto, anayelala peke yake, anayepika kwa senti chache, naye yumo katika mafunzo yale yale, bila cheo wala mshahara. Yule aliyemwambia mkewe kwamba nchi ni ya kwanza alilitimiza neno lake. Lakini yale maua ya kila Septemba yatuonyesha kwamba alijua pia deni lilikuwa kwa nani. Basi wakuu wa kambi na vikosi, wanapopanga zamu, uhamisho na nyumba, wasisahau kwamba nyuma ya kila jina katika orodha yao kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna watu wanaongoja.